Kiti cha Mkuku

Usiku wa kwanza niliolala ndani ya mashua ya shemeji yangu sikupata usingizi. Tulikuwa tumetia nanga katika hori moja ya Mto Miles, upande wa mashariki wa Ghuba ya Chesapeake, jimbo la Maryland, Marekani. Upepo ulikuwa umelala na maji yametulia kama ya mtungini. Lakini kila chombo kilichopita mbali kilituma wimbi lake dogo, na wimbi lilipotufikia, chini ya mgongo wangu kulisikika: ko, ko… ko. Kama mtu anayebisha hodi kutoka chini ya maji.

"Ndio mkuku huo, shemeji," akaniambia gizani. "Tangu nimenunua mashua hii unagonga hivyo. Mimi nimeshauzoea."

Mimi sikuweza kuuzoea. Nimezaliwa Lamu, na babu mzaa mama alikuwa fundi wa vyombo kijijini Matondoni. Katika vyombo vyetu mkuku ndio mti wa kwanza kulazwa chini. Omo na tezi husimamishwa juu yake, mbao na mataruma yakafuata, na tangu siku hiyo mpaka chombo kioze, mkuku hauendi popote. Kwangu kusikia mkuku unacheza ni sawa na kulala ndani ya nyumba na kusikia nguzo inatembea.

Mashua yenyewe ni ya aina ya Catalina 22. Aliyeibuni ni Frank Butler wa California, mwaka 1969, na tangu hapo zimeundwa zaidi ya 15,000. Kilichokusudiwa ni chombo cha mita sita na nusu ambacho familia ya kawaida ingekivuta kwa gari lake hadi majini, ikakishua, ikatembea, ikarudi nacho nyumbani. Ndiyo maana mkuku wake una bawaba. Ni bapa la chuma cha kusubu, uzito ratili 550, yaani kama kilo 250, lililoning'inizwa kwa pini moja upande wa mbele. Upande wa nyuma limeshikwa na waya wenye unene wa milimita 5 hivi, unaopanda ndani ya bomba hadi kwenye winchi iliyo chumbani. Ukizungusha mkono wa winchi, mkuku hupanda kama kisu cha kukunja kinavyorudi kwenye mpini wake. Ukiwa umeshuka, mashua huenda chini mita moja na nusu na husimama imara upepo ukiwa mkali. Ukiwa umepanda, sentimita 60 za maji zinaitosha.

Ghuba yenyewe ndiyo iliyotaka vyombo vya namna hii. Ina urefu wa kilomita 320 hivi, lakini kina chake kwa wastani ni mita sita na kidogo, na hori zake ambamo watu hujificha na tufani ni za kina kifupi zaidi. Nikakumbuka Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, ambako manahodha wetu husubiri maji yajae ndipo wapite. Sisi tunangoja maji yapande. Hawa wenzetu hupandisha mkuku.

Asubuhi nilimwambia shemeji kwamba sipandi tena mpaka tumeuona huo mkuku. Hakukasirika. Nadhani alikuwa akingoja mtu wa kumsukuma.

*

Nilikuwa nimefikia Baltimore kwa dada yangu, binti wa mama mdogo, ambaye ni mke wa shemeji huyo. Shemeji ni mtu wa Mombasa, muuguzi, na nyumba yao hainyamazi Kiswahili. Siku ya pili dada alinipeleka Fells Point, mtaa wa zamani wa bandari, wenye njia za mawe na nyumba za matofali zilizobanana. Nilitaka kuona mahali ambapo Frederick Douglass alifanya kazi ya kalafati.

Wengi wetu tunamjua Douglass kwa hotuba na vitabu vyake vya kupinga utumwa. Mimi nilimpenda kwa ile kazi yake ya mikono. Alizaliwa mtumwa mwaka 1818 katika wilaya ya Talbot, ng'ambo ya ghuba, na alipokuwa kijana alipelekwa hapa kujifunza kukalafati meli: kupigilia nyuzi katikati ya mbao ili maji yasipenye. Mshahara wake aliuchukua bwana wake. Mwaka 1838 alitoroka akiwa amevaa nguo za baharia. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1868, Isaac Myers na Waamerika Weusi wenzake, baada ya kufukuzwa makazini na wafanyakazi wazungu, walifungua gati yao wenyewe ya kutengenezea meli papo hapo Baltimore. Nilisimama ukingoni mwa maji nikimfikiria babu na patasi yake butu, pamba iliyochovywa mafuta, na mlio ule wa nyundo ambao fundi mzuri huusikiliza: ukilia mzito, uzi umekaa, ukilia mwepesi, bado. Neno kalafati limesafiri bahari nyingi kabla ya kufika kwetu.

Kutoka Baltimore tulivuka daraja la ghuba, karibu kilomita saba za chuma juu ya maji. Njia yake ya kwanza ilifunguliwa 1952, ya pili 1973, na shemeji anasema watu wa ng'ambo bado wanahesabu mambo yao kabla ya daraja na baada yake. Ukishavuka, nchi inalala. Mashamba ya mahindi yanakwenda mpaka kwenye majani ya kinamasi, na kinamasi kinaingia majini bila ufuo. Juu ya nguzo za kuongozea vyombo mwewe wala samaki wamejenga viota vya vijiti, kila nguzo na familia yake. Ilikuwa mwezi wa Mei, na hewa ilinukia tope na maua.

Mji mdogo wa St. Michaels una jumba la makumbusho ya bahari ya Chesapeake, na ndani ya uwanja wake umesimama mnara wa taa wa Hooper Strait, nyumba ya mbao yenye pembe sita juu ya miguu ya chuma. Ulijengwa 1879 baharini na kuletwa hapa 1966. Niliupita haraka. Miguu yangu ilinipeleka kwenye mitumbwi.

Watu wa hapa wana mashua za magogo. Huchonga magogo kadhaa, wakayaunga ubavu kwa ubavu mpaka yawe chombo kimoja chembamba, kisha wakakitwika matanga makubwa kuliko mwili wake. Ujuzi wa kuchonga waliurithi kutoka kwa wenyeji wa asili wa ghuba. Chombo cha namna hiyo hakiwezi kusimama chenyewe. Kwenye mashindano mabaharia hutoa mbao ndefu upande wa joshini, wakazipanda na kukaa nje kabisa juu ya maji, uzito wao ndio unaokizuia kisipinduke. Niliposoma hayo nilimshika shemeji mkono. Nani wa Lamu asiyeujua ubao ule? Nani hajaona siku ya mashindano vijana wameupanda kama ndege juu ya waya, migongo inalowa, nahodha anapiga kelele wasogee? Watu wawili wasiojuana, pande mbili za dunia, wamefikiri jambo lile lile kwa sababu upepo ni ule ule.

Kando yake kulikuwa na jahazi la kuvulia chaza, ambalo tangu 1985 ndilo chombo rasmi cha jimbo. Nalo lina ubao wa kati unaoshushwa na kupandishwa kupitia tundu la sakafuni. Kwa muda mrefu sheria ya Maryland iliwataka wanaokokota chaza watumie tanga, na mwaka 1967 ndipo waliporuhusiwa kusukumwa na injini siku mbili za wiki. Nililitafakari jambo hilo. Kwetu hakuna aliyeliwekea tanga sheria. Injini ilikuja, faiba ikaja, na mafundi wa Matondoni wakabaki na maagizo machache zaidi kila mwaka.

*

Aliyetufundisha kuutoa mkuku ni jirani wa shemeji ng'ambo ya ghuba, anakoiweka mashua, mkereza vyuma mstaafu. Shemeji humwita Mzee. Mara ya kwanza, alinisimulia, yule bwana alikunja uso, maana kwao kumwambia mtu kuwa amezeeka si adabu. Shemeji akamweleza kwamba kwetu jina hilo hupewa mtu ambaye neno lake linasikilizwa. Siku iliyofuata akawaambia watu wa uwanja mzima wamwite hivyo.

Mashua ilipandishwa kwenye uwanja mdogo wa vyombo, kwa gari refu lenye miguu minne na mikanda miwili mipana. Kwanza Mzee alitukataza tusiguse chochote. Alizunguka mashua polepole, akachuchumaa, akainuka, kisha akasema maneno ambayo shemeji aliyageuza papo hapo:

"Anasema, kitu kizito usikifungue kabla hujakipa mahali pa kukaa."

"Yaani kipewe kiti," nikasema.

Shemeji akamwambia. Mzee akalipenda. Nikamweleza kwamba kwetu mgeni hupewa kiti kabla hajaulizwa habari za safari, na akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa jina la kitu alichokuwa nacho miaka mingi. Tangu hapo kigari cha mbao alichokiunda kwa ajili ya mkuku kikaitwa "kiti", kwa Kiswahili, hata na yule kijana aliyeendesha gari la mikanda.

Nilidhani hatari ni ile tani moja ya mashua iliyo juu ya vichwa vyetu. Mzee alituonyesha kwamba hatari ni mbili na zimeshikana: mashua inaukalia mkuku, mkuku unaning'inia kwenye mashua, na ukimgusa mmoja mwingine anajibu. Kwa hiyo kila mmoja alipewa kiti chake. Mashua ilikalishwa juu ya magogo yaliyopangwa msalaba, mbele na nyuma, mahali ambapo mwili wake ni mnene na wenye nguvu. Nguzo za pembeni ziliwekwa kuizuia isilale tu, si kuibeba, na kila nguzo ilifungwa mnyororo na mwenzake wa upande wa pili kwa chini ili zisitanuke. Ardhi ilikuwa na unyevu wa mvua ya juzi, basi chini ya kila mguu tukaweka kipande kipana cha mbao. Mikanda haikuondolewa. Ilibaki imegusa tumbo la mashua, kama mtu anayenyoosha mkono nyuma ya mtoto anayejifunza kutembea. Mwisho Mzee aliegemea ubavu wa mashua kwa bega lake akausukuma kwa nguvu. Haukutikisika. "Sasa," akasema.

Tukashusha mkuku kwa winchi mpaka ukalala kwenye kiti. Hapa alikuwa mkali. Mkono wa winchi hauachiwi hata mara moja. Uzito ukiushinda, mkono ule huzunguka kasi ya feni na kuvunja kifundo cha mtu. Shemeji alizungusha, mimi nilichungulia kwa tochi, Mzee alihesabu kwa sauti. Upande wa mbele, chini ya pini, tukaweka jeki na ubao juu yake, tukaipandisha mpaka ikaanza tu kuubeba uzito. Hapo ndipo bolti nne za vishikio, mbili kila upande, zilipoguswa kwa spana. Zilikuwa zimelowekwa tangu jana yake mafuta ya kulegeza kutu. Hakufungua moja mpaka mwisho. Alilegeza kidogo hii, kidogo ile ya ng'ambo, akirudi na kurudi, akitazama jeki kila mara.

Na wakati wote huo hakuna aliyeingiza mwili chini. Mkono ndiyo, kichwa hapana. Mzee hakutueleza kwa nini. Alituonyesha kiganja chake cha kushoto, kidole cha kati kifupi kuliko wenzake. "Nilikuwa peke yangu siku hiyo," akasema, akarudi kwenye spana.

Bolti ya nne ilipotoka, jeki ililia. Mzee akafungua pumzi ya jeki tone kwa tone. Kilo 250 zikashuka kiasi cha kiganja, zikakaa. Tukautenga waya, tukakivuta kiti, na mkuku ukatoka kwenye kivuli cha mashua kama papa anayevutwa ufukweni.

Haukuwa mzuri kuutazama. Kutu ilikuwa imevimba matabaka kwa matabaka. Ukiigonga kwa nyundo linabanduka gamba zima. Waya ulikuwa na nyuzi zilizokatika, zimesimama kama ndevu za kambare, palepale unapopinda. Mpira unaounga bomba la waya na mwili wa mashua ulikuwa umepasuka nyufa ndogondogo, na ule mpira ndio peke yake unaozuia ghuba isiingie chumbani. Mzee alishika zile ndevu kwa koleo. Waya ukikatika, alisema, mkuku hushuka kwa uzito wake wote na kupiga mwisho wa ala yake, na mashua nyingine hupasuka hapo. Shemeji aliketi chini kwenye nyasi. Mwezi uliopita alikuwa amewapakia wanawe wawili humo.

Lakini kilichonishika zaidi ni pini. Ilipotolewa ilikuwa na kiuno, imelika katikati. Na tundu la mkuku, ambalo liliundwa duara, lilikuwa limegeuka umbo la yai. Mzee alilieleza kwa kipande cha mkaa juu ya ubao. Pini ni ya shaba, mkuku ni wa chuma. Ukiyaweka madini mawili tofauti yakigusana ndani ya maji ya chumvi, yanakuwa kama betri, na lile dhaifu huliwa. Dhaifu hapo ni chuma. Tundu likaliwa kidogo, mkuku ukapata nafasi ya kucheza, kucheza kukalisaga tundu, nafasi ikakua. Ile ko, ko ya usiku ilikuwa ni tundu linalolalamika, na aliyekuwa na mashua kabla yetu, na shemeji baada yake, wakaizoea.

*

Jioni Mzee alitualika kwake. Meza ilitandikwa magazeti kutoka pembe hadi pembe, kila mtu akapewa nyundo ndogo ya mbao, kisha kaa wa bluu wakamwagwa katikati moja kwa moja kutoka kwenye sufuria ya mvuke, wamekuwa wekundu, wamefunikwa viungo vya Old Bay, ambavyo vilibuniwa Baltimore na Gustav Brunn, mkimbizi Myahudi kutoka Ujerumani. Hakuna sahani. Unavunja, unachokoa, unazungumza. Kaa wao ni mdogo kuliko kaa wetu wa mikokoni, na nyama yake ni tamu. Bila tui nilihisi amekuja uchi. Lakini ile subira ya kuvunja kiungo kimoja kimoja inaweka watu mezani saa tatu nzima, na hilo kwetu linafanywa na kahawa na baraza.

Kisha akaleta kaa wawili laini, waliokaangwa wazimawazima. Mei ndiyo mwanzo wa msimu wao. Kaa anayekua lazima alivue gamba lake, na kwa saa chache anabaki bila silaha, mpaka jipya ligumu. Mvuvi anayejua hukaa naye akimtazama ndani ya beseni usiku na mchana ili amtoe kwa wakati. Tulimla mzima, miguu na yote.

Nilimweleza Mzee namna sisi tunavyofanya. Kwetu maji ya bamvua hupanda mita tatu na zaidi, chombo kikaletwa mpaka juu mchangani, na maji yakipwa kinabaki kimekaa, kimeegemezwa miti. Maji ndiyo jeki yetu. Bahari inakupa saa chache za kuparura, kukalafati na kupaka deheni, ile chokaa iliyopigwa na mafuta, kabla haijarudi kuchukua chake. Kwa sababu ya hizo saa chache, mtu mmoja hawezi. Unaita jirani, jirani anaita mwanawe, mwenye mashua anapika. Nilimuuliza maji yao yanapanda kiasi gani: sentimita 30 hivi. "Basi bahari yetu haituiti," akasema. "Mashine haichoki, mtu anafanya kazi peke yake mpaka usiku." Akavisugua vidole vyake vya kushoto.

*

Siku tatu zilizofuata zilikuwa za vumbi na kungoja. Kabla ya kuparura rangi ya zamani tulitandika turubai chini ya mashua na kuvaa barakoa, tukalowesha ili vumbi lisipeperuke, na kila ganda lililodondoka likakusanywa kwenye gunia. Rangi ya chini ya vyombo vya kisasa ina shaba ndani yake, makusudi iue kinachotaka kung'ang'ania. Zile za zamani zilizokuwa na bati zilikuwa mbaya zaidi, na Marekani ilizipiga marufuku kwa vyombo vidogo mwaka 1988. Nilipokuwa nimepiga magoti pale na gunia, niliona aibu ya pwani yetu. Babu alipodondosha deheni mchangani hakumuumiza kaa. Leo vijana wetu wanaparura boti za faiba juu ya mchanga ule ule, na vumbi linakwenda na maji. Kopo la rangi lilifika kwetu bila lile turubai, na hilo naliona kosa letu, maana turubai tunazo.

Mkuku ulipelekwa kupigwa mchanga kwa mashine ya upepo. Ulirudi wa kijivu, safi, mzuri hata nikaugusa, na Mzee akanipiga mkono: jasho la kidole linaleta kutu. Chuma kitupu huanza kuwa chekundu ndani ya saa chache, basi tuliupaka rangi ya epoksi siku hiyo hiyo, tabaka juu ya tabaka, tukaziba mashimo na kusawazisha kwa msasa. Epoksi ni ngozi. Rangi ya shaba huja juu ya ngozi, kamwe isikiguse chuma chenyewe, la sivyo ule ugomvi wa madini unaanza upya.

Tundu Mzee alilitoboa upya, kubwa zaidi na la duara, akaligongea bushi aliyoikereza mwenyewe usiku. Alipima mara nyingi mno kiasi kwamba shemeji alianza kutembeatembea. Kila upande aliongeza pete nyembamba ili mkuku usiyumbe ubavu kwa ubavu. Pini mpya, bolti mpya, waya mpya, mpira mpya na vibano viwili kila mwisho.

Kuurudisha ni kugumu kuliko kuutoa. Chuma kinachoshuka kinasaidiwa na uzito wake, kinachopanda lazima kifike mahali pamoja tu. Tuliingiza kiti chini, tukapandisha jeki nusu ya pumzi, tukasubiri, tukasogeza kiti upana wa unyoya, tukapandisha tena. Nilipoona matundu ya bolti yanakaribia kukutana nilinyoosha kidole kuhisi, bila kufikiri, kama ambavyo ungefanya kwenye mbao. Mzee hakupiga kelele. Aliniwekea kijiti mkononi. Nikakiingiza kijiti tunduni, na sentimita moja baadaye jeki ilipoteleza kidogo, kijiti kilikatika kama tambi.

Hakuna aliyesema kitu. Nilikitia kile kipande mfukoni, na ninacho hapa mezani ninapoandika.

Bolti zilikazwa kwa zamu, kama zilivyofunguliwa. Kabla mashua haijashuka majini, ikiwa bado mikononi mwa mikanda, shemeji alishusha na kupandisha mkuku mara sita, na kila mara Mzee aliweka sikio kwenye faiba. Kwetu siku ya kushua kuna kamba ndefu, mwimbishaji mbele, halua na kahawa chungu. Hapa kulikuwa na kijana wa gari la mikanda, Mzee, mwanamke mmoja aliyeacha kupaka mashua yake akaja kutazama, na dada yangu aliyevuka daraja na kikapu cha mahamri. Aliyagawa kwa wote. Yule kijana aliuliza kama ni desturi. Dada akamwambia ndiyo.

Tulirudi kwenye hori ile ile usiku huo, mimi na shemeji. Tulipokaribia kina kifupi aliniachia winchi. Niliishika kwa mikono miwili, nikazungusha polepole, nikihisi kilo 250 zinapanda chini ya miguu yangu bila kusita. Tulitia nanga, kisha tukaushusha mkuku kidogo, tukakaza bolti ya kuushikilia, tukala mahamri yaliyobaki kwa chai ya tangawizi. Mbali huko boti ya kaa ilipita ikirudi, na wimbi lake likaja likatuinua na kutushusha.

Nikasikiliza. Maji yaliramba faiba. Kamba moja iligusa mlingoti.

Nilikuwa nimeanza kusinzia nilipomsikia shemeji anaamka. Alikwenda gizani mpaka kwenye winchi, akaugusa waya, akasimama hapo kitambo, akarudi kulala. Kabla ya alfajiri aliamka tena.

"Vipi, shemeji?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu," akasema. "Kimya tu."